Kilti haitakufa ughaibuni, ila yadi 8 ziachwe

Mkuu, umeuliza kama kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, itapotea kwa wajukuu wa Waskoti walioko Kanada, Marekani na Australia, kwa kuwa ya sufu ni ghali na vijana hawajui wavae tatani (kitambaa cha miraba) ya ukoo gani. Haitapotea, lakini kwanza watu waache za akriliki, yaani nyuzi za bandia.

Akriliki haishiki pasi, kwa hiyo mtu akikaa tu marinda yanafunguka. Mara nyingi kiunoni hakuna kitambaa kigumu cha ndani, basi mikanda ikivutwa, mvuto wote unaangukia mishono ya marinda na miraba inapinda. Chini hupigwa pindo, ilhali kilti halisi huachiwa ukingo uliofumwa kiwandani, usiochanuka. Kijana akianza na hiyo kwenye harusi, harudii.

Halafu yadi 8 za kitambaa zinazoingia kwenye kilti moja. Kwa kawaida ni yadi 4 za kitambaa kipana, zikapasuliwa katikati kwa urefu na kuungwa, kiungo kikafichwa ndani ya rinda. Kwa sufu ya aunsi 16 kwa yadi hizo ni aunsi 64, karibu kilo 1.8 kiunoni. Kwa joto la Texas au Queensland hiyo ni adhabu. Wengi hukimbilia sufu ya aunsi 10, na hapo ndipo wanapoharibu: rinda halina uzito wa kulivuta chini, upepo kidogo linapeperuka. Punguza yadi, uzito wa kitambaa ubaki. Agiza marinda ya boksi (mapana, yaliyokunjwa pande zote mbili), yadi 4 badala ya 8, yaani 2 tu za kitambaa kipana, aunsi 13 au 16. Si ubunifu wa juzi. Kilti za kushonwa za mwisho wa karne ya 18 zilikuwa hivyo hivyo.

Vipimo vya kutuma kwa fundi wa mbali ndivyo vinavyoponza wengi. Usitoe saizi ya suruali ya jinzi, maana jinzi hukaa chini ya kiuno. Pima usawa wa kitovu, kisha nyonga pale penye unene zaidi, kisha kutoka kitovu hadi katikati ya goti. Apime mtu mwingine. Ukiinama kutazama futi, urefu unaharibika. Mwambie fundi abakize kitambaa cha kupanulia, ili miaka ikipita bizimu zihamishwe na kilti irithiwe.

Kuhusu ukoo, hakuna sheria inayomfunga mtu. Familia yenye majina mchanganyiko ichukue tatani ya mahali: ya Nova Scotia, jimbo la Kanada, ilisajiliwa 1956, na tatani iitwayo Maple Leaf ya 1964 ikawa alama rasmi ya Kanada 2011. Mkitaka yenu, daftari la kitaifa la tatani la Uskoti lipo tangu 2009. Mtatoa hesabu ya nyuzi, rangi, jina na uhusiano wenu nalo. Ila kusajiliwa hakuleti kitambaa dukani. Kitafumwa kwa oda maalumu, na bei ya yadi hupanda sana oda ikiwa ndogo, kwa hiyo hesabuni kwanza ni wangapi watanunua pamoja.