Picha baada ya upasuaji wa kongosho: andikeni zaidi ya "maumivu ya tumbo"

Maneno hayo matatu kwenye karatasi ya kuombea CT skani hayamsaidii anayesoma picha. Katika upasuaji wa Whipple huondolewa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, kifuko cha nyongo na kipande cha mfereji wake. Kisha utumbo huungwa upya pahala patatu: kwenye kongosho, kwenye mfereji wa nyongo na kwenye mfuko wa tumbo. Asiyeambiwa haya huona hewa ndani ya mifereji ya nyongo akadhani ni maambukizi, kumbe baada ya muungo ule ni kawaida. Utumbo uliopandishwa chini ya ini, ukijaa maji, husomwa kuwa jipu. Andikeni aina ya upasuaji, tarehe, na mipira ya kutolea maji imekaa wapi. Mgonjwa aliyekwisha kurudi Wete au Mkoani, kule Pemba, awe na ripoti ya upasuaji na CD ya picha za mwanzo mkobani mwake.

Maji ya mpira yapimwe amilesi, kimeng'enya kinachotolewa na kongosho, kuanzia siku ya 3 baada ya upasuaji. Amilesi ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida katika damu, kongosho linavuja. Ikiongezeka homa, picha isicheleweshwe. Ultrasaundi huonyesha maji karibu na ini na huongoza sindano ya kuyatoa, lakini gesi na bandeji huficha pale kongosho lilipokatwa. Homa ikiendelea, ultrasaundi safi isikutulizeni.

Tunalolihofia zaidi ni damu. Maji ya kongosho yanayovuja hula kisiki cha mshipa wa damu uliofungwa wakati wa upasuaji, ukuta wake ukavimba kama kipovu. Mara nyingi hutangulia damu kidogo tu, kwenye mpira, katika matapishi au choo cheusi, ikakoma yenyewe. Jamaa hushukuru, na saa au siku chache baadaye kipovu hupasuka. Damu hiyo kidogo ndiyo saa ya kwenda spitali, hata kama ni usiku na boti ni ya asubuhi: anzeni na spitali iliyo karibu, wapange rufaa.

Hapo CT ipigwe mara tatu: kabla ya dawa ya kontrasti (inayoing'arisha mishipa ya damu kwenye picha), sekunde 25 hadi 35 baada ya sindano, na karibu sekunde 70. Mzunguko wa kwanza usirukwe kwa kubana matumizi, kwani bila yake vibanio vya chuma vilivyoachwa na upasuaji hufanana na damu inayovuja. Asinyweshwe dawa nyeupe, maana itaificha damu iliyomo utumboni. Kabla ya sindano semeni kama ana mzio, maradhi ya figo, au anatumia metformin, dawa ya kisukari. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ipimwe, ila damu inayomwagika haisubiri majibu. Presha ikishashuka, apewe damu kwanza na daktari wa upasuaji aitwe. Kuziba mshipa kwa mrija unaopitishwa kwenye kinena huhitaji kituo chenye mtaalamu wa kazi hiyo, kwa hivyo simu ya Dar es Salaam ipigwe mapema, picha zikiwa bado zinasomwa.