Mimba ya miezi mitano, na mkubwa bado ananyonya

Mdogo wangu, hongera, na pole kwa uchovu. Umesema uko Uyole, Mbeya, mwanao ana mwaka na nusu, na mama mkwe anataka umwachishe ziwa leo leo kwa kuwa maziwa "yameharibika". Hayajaharibika. Mimba ikienda vizuri anaweza kuendelea kunyonya. Maziwa hupungua na ladha hubadilika, wengine huacha wenyewe. Ila kama uliwahi kujifungua kabla ya wakati, au unaona damu au tumbo linabana, zungumza na muuguzi wa kliniki kwanza.

Wangu nilimpunguzia taratibu. Nilianza kwa kupunguza kunyonya kwa mchana, nikampa uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Kwa usiku niliacha mwisho kabisa. Ilichukua wiki sita hivi, na vilio vilikuwepo. Tafadhali usipake pilipili kwenye ziwa. Mtoto anaumia, na haelewi kosa lake.

Kumbeba mgongoni, mwachie baba yake jioni. Wewe kaa mkekani, mtoto ndiye apande mapajani.

Na baridi hii ya Juni na Julai: msilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama yamebaki makaa machache. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso ukivimba, damu ikitoka, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.