Wahungaria na Waethiopia Nchini Marekani

SWALI: Ndugu Mhariri, husemwa kwamba Wahungaria waliohamia Marekani walistawi upesi, ilhali Waethiopia wengi wangali wanaendesha teksi. Je, tofauti hiyo ni ya bidii? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana, ndugu msomaji, na ulinganisho huo unawaonea Waethiopia. Wahungaria waliokimbia baada ya uasi wa 1956 nchini kwao kuzimwa na majeshi ya Kisovieti walipokewa kambini Camp Kilmer, New Jersey, wakatafutiwa wadhamini, kazi na hata nafasi za masomo, na mwaka 1958 Bunge la Marekani likawapitishia sheria ya ukaazi wa kudumu. Andrew Grove, aliyekuja kuiongoza Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, alikuwa miongoni mwa vijana hao.

Waethiopia walianza kuingia kwa wingi baada ya Sheria ya Wakimbizi ya 1980, na baadaye kwa bahati nasibu ya viza, katika uchumi ambao viwanda vyake vilikuwa vikifungwa na ubaguzi wa rangi ukiwaongezea mzigo ambao Wahungaria hawakuubeba. Mhandisi ambaye shahada yake haikutambuliwa alishika usukani wa teksi jijini Washington ili watoto wasome. Wengine walichangishana kwa ekub, ambayo ni upatu kama wetu, kila mmoja akipokea fungu zima kwa zamu, na mitaji ya namna hiyo ikafungua migahawa na maduka hadi Silver Spring, Maryland.

Anayetaka kulinganisha kwa haki aanze na walivyopokewa.