Breki ya behewa imenijeruhi bega, kampuni inasema ni kosa langu

SWALI: Napanga mabehewa katika yadi ya reli, Marekani. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nakaza breki ya mkono ya behewa la mizigo. Ghafla mnyororo uliachia, gurudumu likazunguka na msuli wa bega langu ukachanika. Afisa madai wa kampuni anadai nilisimama vibaya, na anataka nitoe maelezo yatakayorekodiwa. Nina haki gani?

JIBU: Pole sana, ndugu. Ajali za wafanyakazi wa reli za Marekani haziendi kwenye ile bima ya ajali kazini ya viwandani. Zinaangukia sheria ya shirikisho ya 1908, FELA, ambayo hailipi kwa sababu tu umeumia: lazima uthibitishe kwamba uzembe wa mwajiri ulichangia, hata kwa kiasi kidogo. Nawe ukiwa na kosa, fidia inakatwa kwa kadiri ya kosa lako.

Nguvu ya kesi yako, hata hivyo, iko kwenye breki. Sheria ya vifaa vya usalama vya treni, iliyoanza 1893, pamoja na marekebisho yake, inataka behewa lililo kazini liwe na breki ya mkono inayofanya kazi. Ukionyesha kwamba uliikaza kwa uangalifu, kwa namna ya kawaida, nayo ikashindwa, inatosha. Huhitaji kuthibitisha uzembe, wala kujua ni kipande gani kilichoharibika. Tuseme hasara yako ni dola 400,000 na kosa lako ni asilimia 30. Kwa uzembe wa kawaida ungepata 280,000. Breki mbovu ikithibitishwa kuwa ilichangia, ni 400,000 kamili. Ndiyo maana afisa yule anaulizia miguu yako badala ya mnyororo. Atakachojaribu pia ni kusema behewa halikuwa kazini, kwa mfano lilikuwa tayari karakanani kwa matengenezo, kwa hiyo andika lilikuwa njia namba ngapi na lilikuwa linasubiri nini.

Usikawie, maana behewa hutengenezwa na kuondoka, pengine likaingia kwenye reli ya kampuni nyingine. Leo hii andika herufi na namba zilizo ubavuni mwake, saa ya ajali na majina ya walioona. Wakili wako aitake kampuni kwa barua itunze mnyororo, kumbukumbu za ukaguzi na za matengenezo.

Ripoti ya ajali ya kampuni ijaze kwa ukweli. Wengi huumia kwenye kile kisanduku kinachouliza kama kifaa kilikuwa na kasoro: huandika "hapana" kwa haraka au kwa woga, na jibu hilo husomwa mbele ya baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi (jury). FELA haikulazimishi kurekodiwa na afisa madai, basi ongea na wakili kwanza. Kikao cha nidhamu ni jambo jingine; nenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Una miaka 3 ya kufungua kesi, na mazungumzo ya suluhu hayasimamishi muda huo. Ukichagua mahakama ya jimbo, kampuni haiwezi kuihamishia ya shirikisho. Ukiadhibiwa kwa kuripoti jeraha, malalamiko hayo yana muda wake wa siku 180 tu, na hupelekwa OSHA, wakala wa shirikisho wa usalama kazini. Posho ya ugonjwa unayolipwa na Bodi ya Pensheni ya Reli itarudishwa kutoka kwenye fidia, kwa hiyo ihesabu kabla ya kukubali kiasi chochote.