Maswali yenu ya kamera: nimeachiwa renjifainda ya mtumba, naanzia wapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mjomba wangu anakaa Ujerumani, alikuja likizo akaniachia Leica M8 aliyokuwa haitumii tena pamoja na lenzi ya 35. Mimi nimezoea simu. Hii kamera haina fokasi ya oto, haina video, nikichungulia kwenye kidirisha naona kila kitu kiko safi ila picha ikitoka ni nyeupe pee au giza tupu, na watu nyuso zinakuwa nyeusi hata macho huyaoni. Watoto wakikimbia ndo kabisa, zote zimetoka ukungu. Nifanyeje, au niiuze tu ninunue ya kisasa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usiuze mdogo wangu, angalau sio sasa hivi. M8 ilitoka 2006, megapikseli 10 tu, na ikishapita ISO 640 (ISO ni kiasi kamera inavyohisi mwanga) picha inaanza kuwa na chengachenga, kwa hiyo kwa namba simu yako huenda inaishinda, lakini ukitaka kujifunza mwanga sijaona kamera inayofundisha vizuri kama hizi renjifainda (kamera za kuweka fokasi kwa mkono kupitia kidirisha cha pembeni), kwa sababu haikufichi chochote, ukikosea inakuonyesha umekosea.

Kwanza uelewe unachokiona. Kile kidirisha hakipiti kwenye lenzi, kiko pembeni yake, ndo maana unaona kila kitu safi muda wote hata kama fokasi iko mbali kabisa, na hata ukisahau kutoa kifuniko cha lenzi utaendelea kuona barabara nzima vizuri huku picha inatoka nyeusi. Zile alama nyeupe za mstari ndizo zinakuonyesha lenzi yako inakata wapi. Na kwa kuwa sensa ya M8 (kile kipande kinachopokea mwanga) ni ndogo kuliko filamu ya milimita 35, hiyo lenzi yako inakuonyesha eneo kama la lenzi ya 47 hivi, yaani karibu na 50 ya kawaida. Sio mbaya, ni lenzi nzuri ya kupiga watu.

Vitu vya kuseti ni vitatu tu: ISO, kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga (lile gurudumu la juu), na uwazi wa lenzi, ile pete yenye 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila ukisogea namba moja kwenda juu kwenye hiyo pete mwanga unapungua nusu, na hiyo nusu ndo tunaita stopu moja. Kwenye shata hivyohivyo, 1/250 inaingiza nusu ya mwanga wa 1/125, ila angalia gurudumu la M8 lina nusu stopu katikati, kwa hiyo kutoka 125 hadi 250 ni mibofyo miwili. Sasa ISO weka 160 ukiwa nje na uisahau kabisa wiki za mwanzo. Gurudumu lisikae kwenye A. Najua wengi watakwambia anzia A, mimi sikubaliani, maana kwenye A kamera inabadilisha shata kila ukigeukia kidogo ukuta mweupe, na wewe hutojua nani aliyeharibu picha, wewe au yeye.

Jua la saa sita Tanga, mbingu safi, f/16 (yaani pete kwenye 16) na shata 1/180. Basi. Hiyo ni kanuni ya zamani, jua kali ni f/16 na shata inayokaribiana na ISO yako. Hutaki f/16? Fungua hadi f/8 ambayo ni stopu 2, shata ipande nayo stopu 2, inakuwa 1/750, mwanga ni uleule. Mawingu mepesi yakifunika na vivuli vikafifia, fungua stopu 1. Mawingu mazito kabisa, stopu 3. Kivuli cha wazi, yaani chini ya mwembe au barazani ambapo mbingu bado unaiona, nenda f/4 kwa 1/180. Jaribu kukisia kabla hujainua kamera, alafu ndo uchungulie ile mita nyekundu (kipima mwanga) mle ndani, bonyeza kitufe nusu utaona vishale na kitone. Kitone katikati maana yake mita imeridhika, kishale kinakuonyesha uzungushe upande upi. Ukikisia ukapatia mara nyingi, umeshajua kupiga picha zaidi ya watu wengi wenye kamera za mamilioni.

Nyuso nyeusi sasa, hapa nataka tukae kidogo maana ni swali naletewa na wengi na majibu mengi mtandaoni yameandikwa na watu wanaopiga ngozi nyeupe. Mita ya kamera haijui inaangalia nini, inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, au kavaa kanzu nyeupe, mita inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, ukuta unakuwa kijivu na uso unazama. Ukimsogelea mpaka uso ujae kwenye kioo inafanya kinyume, inaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi inapauka inapoteza rangi yake. Vyote viwili sio mtu unayemjua. Njia yangu ni hii: nyoosha kiganja chako, upande wa ndani, kwenye mwanga uleule unaompiga huyo mtu, pima hapo mpaka kitone kiwake, alafu fungua stopu 1. Kiganja cha karibu kila mtu kinafanana weupe, kwa hiyo ni kipimo unachotembea nacho. Ukishaseti usiguse tena hata mita ipige kelele za vishale, mradi mwanga haujabadilika mpige na kanzu yake, mpige na ukuta, uso utabaki uleule picha zote. Ndo faida ya kuseti kwa mkono hiyo, kamera ya oto ingebadilisha kila picha.

Alafu kuna jambo ambalo namba hazitibu. Saa sita kwetu jua liko utosini, macho yanakaa kwenye shimo la kivuli, paji linang'aa. Hapo usihangaike na gurudumu, msogeze mtu. Mlete ukingoni mwa baraza au chini ya mti uso ukiangalia kule kwenye uwazi, mwanga unamjia kwa mbele sio kwa juu, na macho yanapata kile kitone cheupe cha uhai. Kama hawezi kusogea subiri saa kumi. Mimi nasema waziwazi, anayejua kumsogeza mtu hatua mbili kuelekea mwanga anampita anayejua menyu yote ya kamera yake.

Na usiruhusu kanzu iungue. Sensa za CCD (aina ya zamani) kama ya M8 zikiungua zimeungua, nyeupe tupu, hairudi hata kwenye kompyuta, ila kivuli kinavutika kidogo ukiwa ISO 160 na umepiga DNG, yaani faili ghafi. Angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, mlima ukigonga ukuta wa kulia punguza nusu stopu.

Fokasi: katikati ya kidirisha kuna kiboksi chenye mwanga zaidi, ndani yake kitu kinaonekana mara mbili. Zungusha lenzi mpaka picha mbili ziwe moja, kwa mtu tafuta ukingo wa jicho au fremu ya miwani, alafu ndo upange picha na ubonyeze. Mistari ya wima inakamatika vizuri, ya mlalo haikamatiki, kwa hiyo usihangaike na ukingo wa meza.

Watoto wanaokimbia usiwafukuze na fokasi hutowapata. Seti kabla. Lenzi yako ya 35 ukiiweka f/8 na pete ya umbali kwenye mita 3, kwa M8 kila kitu kuanzia kama mita 2 mpaka mita 5 na ushee kitakuwa safi kwa macho ya kawaida. Shata 1/750 kwenye jua. Sasa kazi yako sio kamera, ni kujua mita 3 ni wapi, kwa hiyo pima kwa tepu uani kwenu, simama, tazama, rudia mpaka jicho lizoee, alafu wakipita hapo unabonyeza tu hata bila kuchungulia vizuri. Ndani ya nyumba hii haifanyi kazi maana f/8 ni giza, huko fungua lenzi, ISO 640, usishuke chini ya 1/60 kwa mkono, na ukubali kwamba anayekimbia sebuleni usiku hapigiki na hii kamera.

SWALI: Asalaam aleykum. Mimi nina M8 nimeinunua kwa mtu, imefika bila boksi. Nilipiga harusi ya ndugu yangu hapa Zanzibar, mabuibui meusi yametoka zambarau! Sio yote, mengine yako sawa meusi. Nimejaribu kubadilisha rangi kwenye kamera wapi. Imeharibika?
Dada wa Unguja

JIBU: Waaleykum salaam dada. Haijaharibika, M8 zote ziko hivyo toka kiwandani. Mbele ya sensa yake waliweka kichujio chembamba mno, mwanga wa infraredi ambao jicho halioni unapenya, na vitambaa vyeusi vya nailoni na poliesta vinaurudisha huo mwanga kwa wingi, kamera inausoma kama zambarau. Buibui za pamba au za rangi nyingine hazifanyi hivyo sana, ndo maana umeona baadhi tu. Ilipojulikana Leica waliwapa wenye M8 vichujio viwili bure vya kufunga mbele ya lenzi, vya kuzuia UV na infraredi. Kamera ikishauzwa mkono wa pili na wa tatu vile vichujio vinapotelea njiani, ndo yaliyokukuta.

Tafuta kichujio cha UV/IR cut, angalia sawasawa hayo maneno maana UV ya kawaida haisaidii kitu. Kipimo kimeandikwa ndani ya ukingo wa lenzi yako, nyingi za Leica ni milimita 39 au 46. Kila lenzi unayotumia iwe nacho. Lenzi pana kama 28 kwenda chini zikifungwa hicho kichujio kona zinageuka kibluu, hapo kuna mpangilio kwenye menyu wa kutambua lenzi zenye alama za msimbo wa Leica, lakini ukibaki na 35 au 50 hutohangaika sana. Na ukija kununua M9, toleo la baadaye, kivue, huko hakihitajiki na kinaharibu kona.

Za harusi ulizokwisha piga geuza ziwe nyeusi na nyeupe, M8 inatoa picha nzuri sana za hivyo, hasa kwa huo mwanga inaouiba. Ila mtu akikulipa kwa harusi ya wanawake waliovaa buibui usiende na M8 bila hicho kichujio, watu wanaikumbuka siku yao kwa rangi walizovaa.

SWALI: Niaje bro. Kuna msee hapa Nairobi anauza M9 bei poa kuliko zote nimeona, anasema iko sawa kabisa. Nishike?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Usitoe pesa kabla hujaipima. M9 ya 2009 ndo ya kwanza kwao kuwa na sensa kubwa sawa na filamu, megapikseli 18, picha tamu kweli, lakini kioo kinachofunika ile sensa kwenye M9, M9-P, M-E na Monochrom ya kwanza kinaliwa. Leica walikuwa wanabadilisha bure kwa muda, baadaye wakaacha, na sensa mpya hazipo tena. Bei ikiwa chini kuliko zote nafikiria hapo kwanza.

Enda na kadi yako. Seti f/16, ISO ya chini, lenzi ielekee mbinguni au ukuta mweupe, fokasi iwe mbali isishike kitu, piga, alafu kuza picha kona mpaka kona. Vumbi ni madoa yaliyofifia na linatoka sensa ikisafishwa. Kuliwa ni kitone chenye duara kama pete kukizunguka na hakitoki hata usafishe vipi. Ukiona hata kimoja ondoka, kinaongezeka. Kama anasema sensa ilibadilishwa akuonyeshe karatasi ya fundi. Pima na fokasi pia, tazama jengo la mbali sana lenzi ikiwa kwenye alama ya mwisho, picha mbili kidirishani ziungane kabisa bila moja kupanda juu ya nyingine, alafu gazeti kwa umbali wa mita moja lenzi ikiwa wazi yote, uone mstari uliolenga ndo umetoka safi. Kama una uvumilivu jikusanye ununue M Typ 240, sensa yake ni ya aina nyingine na haina huo ugonjwa.

SWALI: Lenzi gani ya bei rahisi kwa hizi kamera, na kwa nini lenzi zangu hapa Mombasa zinashika ukungu ndani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Tafuta Voigtländer ya 35 au 50, zinatengenezwa na Cosina Japani na zile za mdomo wa M zinakaa moja kwa moja. Jupiter-8 za Urusi ni rahisi zaidi na zinaingia kwa adapta, lakini nyingi fokasi yake haiendani sawasawa na Leica ukifungua hadi f/2, piga f/5.6 uishi kwa amani.

Ule sio ukungu, ni kuvu, inapenda unyevu na giza, na ukanda wetu unyevu upo tele. Ukinunua lenzi mulika tochi ya simu kwa nyuma, ukiona vijiuzi kama utando wa buibui iache. Zako usizihifadhi kwenye mfuko wa ngozi kabatini. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ndani pakti za silika jeli za kutosha na kile kipimo kidogo cha unyevu, kisome kisipande juu ya asilimia 50 na kisishuke chini ya 40. Silika ikilowa ikaushe, zile za rangi zinabadilika zenyewe zikukumbushe. Na zitoe nje zipate mwanga, lenzi inayotumika kila wiki haishiki kuvu kirahisi kama inayolala.