Jibu: Video zinatazamwa sana, oda haziji

Mkuu, umeuliza kwa nini video zako za blenda zinatazamwa sana TikTok lakini hazileti oda. Video fupi inaamsha hamu tu, na hamu hiyo inapoa haraka. Indonesia, TikTok Shop (duka lililo ndani ya TikTok yenyewe) ilipoingia 2021, mtu alilipa humohumo. Wewe unamwambia "bei njoo inboksi", naye kidole kimeshapitisha video nyingine (mimi mwenyewe hapo huwa naondoka). Taja bei kwenye video, na nauli ya kutuma mkoani. Saga barafu bila kukata video, zima muziki, mashine isikike. Wanaoogopa kutapeliwa husoma maoni kwanza, kwa hiyo maswali yajibu palepale. Kwa wateja wa Dar, jaribu kupokea malipo mzigo ukifika.