Bango la SHA mlangoni halitoshi: jinsi ya kupata kliniki itakayokutibu

SWALI: Hujambo Daktari. Ninauza mboga Kangemi, Nairobi. Nilijisajili SHA, bima ya afya ya serikali, lakini sijawahi kulipa mchango. Mtoto wangu ana kikohozi, na kliniki iliyo karibu na nyumba, yenye bango la SHA mlangoni, ilitaka nilipe pesa taslimu. Nitajuaje kliniki itakayonihudumia kwa bima hii?

JIBU: Sijambo, mama, na pole kwa kuuguza. Kwanza mwangalie mtoto. Akiwa anapumua mbiombio, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au anakataa kunyonya au kunywa, achana na kutafuta kliniki, mkimbize hospitalini sasa hivi.

Kama ni kikohozi cha kawaida, kutolipa mchango hakukufungii mlango. Tangu SHA ichukue nafasi ya bima ya zamani, NHIF, mnamo Oktoba 2024, matibabu ya msingi ya wagonjwa wa nje (wasiolazwa) katika vituo vya ngazi ya 2 na ya 3, yaani zahanati na vituo vya afya, hulipiwa na hazina ya afya ya msingi, ambayo ni pesa za serikali. Unachohitaji ni kuwa umesajiliwa tu. Kumwona mhudumu, vipimo vya kawaida na dawa zilizopo vimo humo. Mchango, ambao hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi, unahitajika ukilazwa au ukijifungua, hata kama ni katika kituo kilekile ulichotibiwa kikohozi bure. Watu wengi huchanganyikiwa hapo.

Sasa, mbona ukaambiwa ulipe? Bango halisemi ngazi ya kituo wala mkataba wake unahusu nini. Huenda kliniki hiyo imeorodheshwa ngazi ya 4, yaani hospitali, au mkataba wake na SHA umesimamishwa na bango likabaki ukutani. Tazama leseni ya baraza la madaktari, KMPDC, ambayo kwa kawaida hutundikwa mapokezini: ina jina la kituo, ngazi yake na mwaka. Mwaka ukiwa umepita, uliza kabla ya kuketi.

Na usiulize, "Mnakubali SHA?" Karibu kila mtu atakujibu ndiyo. Uliza hivi: "Leo mnatibu mgonjwa wa nje kwa SHA bila malipo, hata kama hajalipa mchango?" Wakisema ndiyo, ongeza: "Vipimo na dawa pia?" Maswali hayo mawili yatakuokolea nusu siku ya foleni.

Kwa mtu wa Kangemi, ningeanzia vituo vya afya vya kaunti: cha Kangemi chenyewe, kisha Westlands au Riruta. Fika asubuhi. Shida kubwa huko ni dawa kuisha. Ukiandikiwa ukanunue nje, pesa hizo hurudishiwi, kwa hiyo uliza kama ipo dawa nyingine iliyomo katika duka lao la dawa inayofanya kazi ileile.

Kabla ya kutoka nyumbani, piga *147# uhakikishe usajili wako, na hasa kama jina la mtoto limo kati ya wategemezi wako. Mzazi husajiliwa, mtoto akasahaulika, halafu kaunta inamkosa kwenye mfumo. Beba kitambulisho chako na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama hayumo, waombe wahudumu wamsajili palepale, au nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, kwa mfano ile ya GPO katikati ya jiji. Kama ulibadilisha laini ya simu tangu ujisajili, rekebisha nambari pia, maana ujumbe wa SHA utaendelea kwenda kwa laini ya zamani.

Kituo cha ngazi ya 2 au ya 3 chenye mkataba kikikutoza kwa huduma iliyomo, dai risiti yenye jina la kituo na tarehe, kisha piga 147 ukiwa nayo mkononi.